Dirisha la Saba

Saa nne asubuhi Pete ya Pili iliwashwa kwa mara ya kwanza mbele ya wageni, na kwa sekunde kumi na moja mji wa Manyoni ukawa na jua lake dogo ndani ya chuma.

Pete ilikuwa bomba nene lililopindwa hadi likakutana na mkia wake, lenye kimo cha ghorofa tatu, likiwa limezungukwa na sumaku zilizopozwa kwa baridi kali kuliko ya mahali popote duniani. Ndani yake hidrojeni ilichemshwa hata ikaacha kuwa gesi, ikawa plazima, moto usioshikika ambao viini vyake hugongana, huungana na kutoa nguvu. Sumaku ziliuelekeza moto huo uzunguke ukielea bila kugusa ukuta. Wageni mia mbili waliokaa ukumbini waliuona kwenye skrini, picha ikirudiwarudiwa: duara la rangi ya waridi, ukingo unawaka, katikati peusi.

"Samahani, mbona katikati kuna giza?" aliuliza mbunge mmoja mstari wa mbele. "Au mitambo haijashika vizuri?"

Watu walicheka. Dk. Twilumba Kihwele, mkuu wa kitengo cha usomaji mwanga, alikuwa amelijibu swali hilo mara nyingi hata angeweza kulijibu akiwa amelala.

"Imeshika, mheshimiwa. Katikati ndiko kwenye joto kuliko kote. Huko atomu za hidrojeni zimevuliwa elektroni, hazina tena cha kutolea mwanga unaoonekana. Ni ukingoni tu, panapopoa kidogo, ndipo atomu zinang'aa. Kwa hiyo sisi tunasoma ukingo, na ukingo ndio unaotuambia hali ya ukuta."

Akaeleza mengine yaliyobaki kwa sauti ile ile ya kufundishia. Mwanga wa ukingo hupita kwenye dirisha dogo la kioo, huingia kwenye nyuzi, hufika kwenye kichambuamwanga, nacho huutawanya kama upinde wa mvua. Kila kitu kinachowaka kina mistari yake ya rangi. Mstari mwekundu ni wa hidrojeni. Mstari mdogo wa zambarau, mwembamba kama unywele, ni wa tangisteni, chuma kilichotandazwa ukutani. Zambarau iking'aa, ujue ukuta unaliwa. Kazi ya kuisoma mara elfu kwa sekunde ilikuwa ya Karani, akili unde aliyoibuni Twilumba mwenyewe kule Mtera, kwenye Pete ya Kwanza.

"Zambarau iko chini," Karani alitangaza kwa sauti yake ya upole. "Ukuta umetulia."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mhandisi Mkuu Fortunata Ngaiza, mwanamke mrefu asiyependa kupoteza maneno, alisimama akawaambia wageni kwamba Ijumaa Pete ingewashwa kwa nguvu zote. Akawakumbusha kwamba ukuta wa Pete hii ulikuwa na nusu tu ya unene wa ule wa Mtera, na kwamba jambo hilo lisingewezekana bila Kanuni ya Kihwele: ukuta wa tangisteni, kadiri unavyozeeka kwenye moto, ndivyo unavyotulia na kuacha kulika. Kila uso ulimgeukia Twilumba. Alitabasamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Ndani ya mkoba wake, kimeviringishwa kwenye leso, kulikuwa na kipande cha kioo cha ukubwa wa sahani ya chai. Alikuwa amekihifadhi miaka miwili, na hakuna kilichomkosesha raha maishani kama kipande kile. Kanuni ya Kihwele ilikuwa uongo, na aliyejua hivyo ni Kihwele peke yake. Ilikuwa tayari Jumatatu. Baada ya Ijumaa ukuta ule ungekuwa umeshaingiwa na mionzi, na hakuna binadamu ambaye angeweza tena kuingia ndani kuubadilisha. Chini yake, kwenye ukumbi wa mabomba ya maji ya kupoza, watu sitini wangefanya kazi kwa zamu kila siku, wakimwamini Karani.

Kule Mtera, madirisha ya Pete ya Kwanza yalikuwa na mtunzaji wake, fundi Nhonya Chilewa. Alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, mfupi, mwenye vidole vyembamba vilivyoweza kufungua skrubu ndogo kama punje ya mtama bila kuiangusha. Twilumba ni Mhehe wa Kalenga. Siku ya kwanza walipotajiana makabila utani ulianza hapo hapo, na kwa miaka sita haukupumzika. Chilewa alikuwa akiingia ofisini kwa Twilumba na kuuliza kama Wahehe leo wana hasira au bado wanapasha moto. Twilumba naye akimkuta kantini hufunika sahani yake kwa mikono yote miwili, akisema Mgogo ameingia, sasa ataomba. Wageni walidhani wanagombana. Mama yake Twilumba alipofariki, Chilewa ndiye aliyefika msibani kwanza, akajilaza kwenye njia ya kwenda makaburini, akagoma kuinuka mpaka alipwe kuku, na Twilumba alicheka siku ile ambayo hakutarajia kucheka. Mtani wa kweli ana kazi yake, na Chilewa aliijua.

Sasa, dirisha lolote linalotazama moto huchafuka. Chembe za ukuta huruka, nyingine hutua kwenye kioo na kujenga utando mwembamba. Utando huo haupunguzi rangi zote sawasawa: nyekundu hupita vizuri, zambarau hunyongwa. Ndiyo maana kila robo mwaka ilipasa kupima dirisha kwa taa ya ushahidi, taa ambayo kiasi cha kila rangi yake kinajulikana. Pete huzimwa siku mbili, roboti buibui huingiza taa ndani, watu husoma kilichopita na kurekebisha hesabu. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Na mwaka ule Pete ya Kwanza ilikuwa inaelekea siku mia nne bila kuzimwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, na wakubwa walikuwa wamebandika tarakimu ya siku kwenye lango kuu.

Twilumba hakulipima Dirisha la Saba, lililokuwa jicho la Karani la kuusomea ukuta. Aliacha namba ya zamani, akaandika "Kimehakikiwa," akatia sahihi. Alifanya hivyo mara tano. Mara ya kwanza mkono ulisita kidogo. Mara ya tano kalamu haikusita hata kidogo. Wakati huo huo zambarau ilikuwa inashuka mwezi hadi mwezi, na badala ya kujiuliza kama kioo kinazibika, akaona ugunduzi. Ukuta unatulia! Akaandika makala. Makala ikasomwa dunia nzima. Ukweli ni kwamba ukuta ulikuwa unaliwa haraka kuliko wakati wowote, na vumbi la kuliwa kwake ndilo lililokuwa likiziba jicho la kuuona.

Siku ya mia tatu tisini na sita, saa tano asubuhi, Pete ilikuwa imepunguzwa nguvu kwa saa mbili ili pampu moja ibadilishwe. Chilewa alichungulia ofisini.

"We Mhehe," alisema, "lile dirisha lako la saba limeota mtoto wa jicho. Nimetazama picha yake na ya la nane. La nane waridi, la saba kama chai ya rangi."

Twilumba alikuwa anaandaa hotuba ya siku ya mia nne. Hakuinua kichwa. "Umekula mlenda mpaka macho yanateleza, Mgogo."

"Nasema kweli, mtani."

"Basi nenda kalitazame mwenyewe. Ukikuta mlenda, ulambe."

Chilewa alicheka, akaenda. Alishuka kwenye kishubaka cha dirisha akiwa na tochi. Alikuwa ameinama mbele ya kioo pale bomba la maji nyuma ya ukuta ulioliwa lilipopasuka. Maji ya moto yalimwagika ndani ya Pete yakageuka mvuke, mvuke ukatafuta pa kutokea, na mpira wa kuzibia Dirisha la Saba ndio uliokuwa dhaifu. Chilewa aliinua mikono kukinga uso. Uso ulipona.

Tume ya uchunguzi ilikaa wiki tatu. Kwa kuwa Karani alionyesha ukuta umetulia, kupasuka kwa bomba kulihesabiwa kasoro ya kiwandani, na tume ikakuta kwamba fundi Chilewa aliingia eneo la hatari bila kibali cha maandishi. Yeye, akiwa bado kitandani, alisema alitumwa na Daktari. Mwenyekiti wa tume akamuuliza Twilumba: "Ulimtuma?"

"Tulikuwa tunataniana," alijibu. "Kama kawaida yetu. Kila mtu anajua."

Kila mtu alijua kweli. Wajumbe walitikisa kichwa kwa kuelewa, mmoja hata alitabasamu. Chilewa akafukuzwa kazi kwa uzembe. Kile kioo, kilichokutwa sakafuni kikiwa kizima, alikabidhiwa Twilumba akitolee maelezo, naye akaandika kwamba kimepata rangi ya kahawia kutokana na mvuke wa ajali. Kisha akakiweka kwenye mkoba. Hakukitupa, na alijichukia kwa kutokitupa, na angejichukia zaidi kama angekitupa.

Jumatatu hiyo baada ya makofi alipanda treni ya sumaku, na saa nane mchana alikuwa Mtera, mtaa wa Migoli, mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu. Chilewa alikuwa barazani. Mbele yake palikuwa na ungo wa karanga na bakuli. Alikuwa anazimenya moja moja. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa inang'aa, imevutwa, vidole viwili vimeshikana. Aliibana karanga katikati ya viganja, akaibonyeza, ikamponyoka, akaitafuta, akaibana tena.

"Hodi hapa," alisema Twilumba.

Chilewa aliinua macho. "Karibu, Daktari."

Hakumwita Mhehe. Hakuuliza kama amekuja na hasira au ameziacha stesheni. Twilumba alisikia neno lile "Daktari" likimchoma kuliko tusi.

Alikaa kwenye kigoda. Kwa kutojua afanye nini alinyoosha mkono kuchukua karanga amsaidie.

"Acha," alisema Chilewa. "Ni mazoezi. Nimeandikiwa hospitali."

Akaacha. Akatoa leso, akaifungua, akakiinua kioo kuelekea jua. Mwanga uliopita ulianguka kwenye sakafu ya saruji, wa kahawia, kama chai ya rangi.

"Ni la saba," alisema Chilewa bila kushangaa.

"Nimekata kipande pembeni nikakipima. Ni tangisteni tupu, tabaka juu ya tabaka, za miezi kumi na mitatu. Mvuke hauachi tangisteni. Uliniambia, nami sikupima. Sikuwahi kupima. Nilitia sahihi mara tano." Alikishusha kioo mapajani. "Na nilikutuma. Nilisema nenda, ukaenda. Halafu nikawaambia ni utani."

Chilewa alimenya karanga nyingine. Hii ilipasuka vizuri, punje mbili zikaanguka kwenye bakuli.

"Unafikiri kilichoniuma ni mikono?" aliuliza. "Mikono iliuma, sikatai. Nilipiga kelele mpaka manesi wakanizoea. Lakini ajali ni ajali, hata ikiwa ya uzembe. Na ile ya kwenye tume, nayo nilisema, mtu ameogopa." Alifuta viganja kwenye suruali. "Nililala siku arobaini na mbili, Daktari. Kila mlango ukifunguliwa nasema huyo anakuja. Atakuja mtani wangu aniambie Mgogo sasa utaombaje na mikono hiyo. Nilikuwa nimeshakuandalia na jibu. Jibu zuri kweli. Mke wangu akasema acha kumngoja. Nikasema humjui Mhehe yule, mama yake nimemzika mimi."

Twilumba alilia. Chilewa hakumbembeleza wala hakumwambia anyamaze. Aliendelea na karanga zake mpaka mwenzake alipopata pumzi.

"Naomba unisamehe, mtani."

"Hilo neno liache kwanza," alisema Chilewa. "Ulilitumia kujifichia. Ukishalitumia hivyo linabaki na harufu. Na msamaha wa hapa barazani, mbele ya karanga, unakusaidia wewe tu. Kuna watu wangapi chini ya ile Pete mpya?"

"Sitini."

"Na ukuta wake?"

"Nusu ya unene wa huu wa kwetu. Kwa sababu ya makala yangu."

Chilewa alilisukuma bakuli pembeni. Halafu alisema neno moja la Kigogo ambalo halifai kuandikwa hapa. "Sasa umekuja kwangu kufanya nini? Mimi sina ufunguo wa kuizima."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kikao cha wakuu wa vitengo, watu kumi na wawili na chai ya tangawizi. Twilumba hakungoja ajenda. Aliiweka taa ya ushahidi mezani, akaelekeza kichambuamwanga cha mkononi, na kwenye skrini ukatokea upinde wa mvua kamili. Kisha akaweka kioo mbele ya taa. Nyekundu ilibaki pale pale. Zambarau ilizimika, kana kwamba mtu ameipuliza.

"Karani," alisema, "unaona nini?"

"Zambarau iko chini," alisema Karani. "Ukuta umetulia."

"Hakuna ukuta hapa," alisema Twilumba. "Kuna meza na kioo kichafu. Hiki ndicho nilichokiita Kanuni."

Aliwaeleza yote, na sahihi tano, na maneno aliyomwambia Chilewa, na alichowaambia tume. Alipofika kwenye mlenda mtu mmoja alianza kucheka kwa mazoea, akajizuia. Mhandisi Mkuu Ngaiza alisikiliza hadi mwisho bila kugusa chai yake.

"Unajua kwamba Ijumaa haipo tena," alisema. "Ukuta wote utang'olewa. Ni kazi ya miaka mitatu. Na wewe huwezi kubaki kwenye kiti hicho."

"Najua."

"Miaka miwili, Kihwele. Ulikaa nacho miaka miwili, ukanisikiliza nikikusifu jana mbele ya watu." Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Ungeninyamazia mpaka Ijumaa?"

Twilumba alitaka kusema hapana. Alifungua mdomo, akagundua kwamba hajui, na kwamba hatajua kamwe. "Sijui," alisema.

Pete ya Pili haikuwashwa Ijumaa. Makala ilifutwa, jina likaondolewa kwenye kanuni, na kwenye magazeti Twilumba akaitwa majina ambayo hakuweza kuyabisha. Uamuzi wa tume ya Mtera ulibatilishwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Baada ya miezi minne Ngaiza aliandika barua nyingine, fupi zaidi: kabla ya kazi ya ukuta kuanza, kila dirisha lipimwe upya kwa taa, na msimamizi wa madirisha awe Nhonya Chilewa. Msimamizi asiye na vidole vizuri alihitaji mshika taa. Nafasi hiyo ya mshika taa Twilumba aliiomba mwenyewe, kwa maandishi.

Walianza na Dirisha la Saba. Pete ilikuwa wazi, baridi, haijawahi kula mtu. Twilumba aliingia ndani kwa kutambaa, akapiga magoti mbele ya kioo kipya, akainua taa. Kutoka upande wa pili sauti ya Chilewa ilimfikia kupitia kipaza sauti.

"Kushoto kidogo, Daktari. Hapo. Usitikisike."

Mikono ilianza kumuuma. Hakutikisika. Kioo kilikuwa safi, zambarau yote ilipita. Alipotoka, amejaa jasho na vumbi la chuma magotini, Chilewa alikuwa amesimama kwenye meza ya kumbukumbu. Kila kipimo kilitakiwa kiidhinishwe kwa alama ya kidole gumba, ya mpimaji na ya shahidi. Chilewa aliweka gumba lake kwenye kibao.

"Mtu huyu hatambuliki," alisema Karani kwa upole.

Chilewa alijaribu la pili. Ngozi laini, haina mstari hata mmoja.

"Mtu huyu hatambuliki."

Twilumba alishindwa kumtazama. Alitafuta droo zote mpaka akapata daftari la karatasi, la akiba, na kalamu. Akapiga mistari. Kwenye nafasi ya mpimaji akaandika Nhonya Chilewa kwa herufi kubwa, na kwenye ya shahidi akaandika jina lake kwa ndogo. Mikono bado ilikuwa inatetemeka kutokana na taa, na mwandiko ulipinda vibaya, kama wa mtoto wa chekechea. Akamsogezea daftari alikague.

Alisubiri. Ule mwandiko peke yake ungemtosha Mgogo kwa wiki nzima. Kuhusu Wahehe na shule, kuhusu kalamu na mkuki, angalau neno moja. Alitamani atukanwe, achekwe mbele ya watu wote wa Manyoni.

Chilewa alisoma mstari kwa mstari, polepole, akifuata kwa kidole chake kilichoshikana na kingine.

"Umekosea tarehe, Daktari," alisema.

Twilumba akaifuta, akaiandika upya.